Nembo mpya ya ofisi ya mawakili: mwongozo kamili, kuanzia maelekezo hadi muhuri

Nembo ya ofisi ya mawakili haiishi mahali inapoishi nembo ya soda. Haipakwi ubavuni mwa basi wala haipeperushwi uwanjani. Makazi yake ni kichwa cha barua ya madai, jalada la mkataba, kadi inayotolewa kwenye korido ya mahakama, na muhuri wa mpira unaogongwa kutwa nzima pale mapokezi. Mara nyingi humfikia msomaji ikiwa nyeusi, ndogo, na imeshapita kwenye mashine ya fotokopi mara mbili tatu. Mbunifu anayeanza na skrini pana, mandhari meusi na rangi ya dhahabu inayong'aa, anajenga nyumba kuanzia paa. Hapa tunaanzia kwenye muhuri, kisha tunapanda.

Mifano mingi ni ya Tanzania Bara. Pale Kenya au Zanzibar zinapotofautiana, tumesema.

Hatua ya 1: Jua mipaka kabla ya kushika penseli

Uwakili ni taaluma iliyobanwa kwenye suala la kujitangaza. Nembo yenyewe si tangazo, lakini kaulimbiu inayowekwa chini yake inaweza kuwa tangazo kamili. "Mabingwa wa kesi za ardhi" au "Hatushindwi" ni maneno ya kumwingiza mteja wako kwenye kamati ya maadili. Shauri letu: ofisi ya mawakili haihitaji kaulimbiu kabisa. Mbia akiing'ang'ania, aipime mwenyewe kwenye kanuni za maadili ya mawakili, na kwa Kenya kwenye kanuni za matangazo ya mawakili za mwaka 2014. Jibu alitoe kwa maandishi. Hilo si jukumu la mbunifu.

Mpaka wa pili ni alama za dola. Nembo ya Taifa, ile ya Bibi na Bwana, inalindwa na sheria na haitumiki kibiashara bila kibali. Kenya nayo ina sheria ya aina hiyo kuhusu bendera, nembo na majina ya taifa. Kinachowaponza wabunifu wengi si kunakili nembo nzima. Ni kuazima vipande vyake: ngao ileile, mwenge, pembe mbili za ndovu zilizopinda kulia na kushoto. Vipande hivyo vikikaa juu ya jina la mawakili, mwananchi anayepokea barua anadhani imetoka serikalini. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Vivyo hivyo nembo ya Mahakama, ya Chama cha Mawakili Tanganyika, ya chama cha Zanzibar au cha Kenya: kuwa mwanachama hakumpi mtu ruhusa ya kuitia nembo ya chama ndani ya nembo yake.

Kisha jina. Omba nakala ya cheti cha usajili kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara Bara, au BPRA kwa Zanzibar, na ufuate tahajia iliyomo humo nukta kwa nukta. Kuna ofisi ambazo cheti kinasema "& Company", bango linasema "& Co.", na muhuri unasema "and Co". Kazi ya nembo mpya ni nafasi nzuri ya kumaliza fujo hiyo, maana wakili wa upande wa pili anayetafuta pa kubana huwa hakosi kuiona.

Uliza pia kuhusu lugha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Ofisi nyingi bado zinaandika "Advocates" kwenye kila kitu, lakini nyaraka zao nyingi sasa ni za Kiswahili. Panga mapema toleo lenye "Mawakili" na lenye "Advocates", yote mawili yenye upana unaofanana, ili kichwa cha barua kisibadilike umbo kila lugha inapobadilika.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi, kisha uliza maswali machache makali

Usianze na swali "mnapenda rangi gani". Omba bahasha moja yenye kila kitu ambacho nembo ya zamani imeguswa nacho: barua, bahasha, kadi, kava ya faili, risiti, karatasi zilizogongwa mihuri yote ya ofisi, picha ya kibao cha mlangoni, picha ya skrini ya wasifu wa WhatsApp. Zitandaze mezani. Mara nyingi utaona rangi tatu tofauti za "bluu yetu" na nembo iliyovutwa pembeni na mtu wa steshenari hadi ikawa nene kama mkate. Hapo utajua tatizo ni la mchoro au ni la mafaili kukosekana. Wakati mwingine ofisi haihitaji nembo mpya. Inahitaji ile ya zamani ichorwe upya vizuri.

Maswali yenyewe ni haya:

- Nani anasema neno la mwisho? Mtu mmoja, jina lake liandikwe. Wabia watano wakiidhinisha kwa pamoja, utapata nembo yenye vitu vitano.
- Wateja ni akina nani? Ofisi inayoandaa mikataba ya mikopo ya benki na ofisi inayosimamia mirathi ya familia hazivai nguo moja.
- Jina litadumu? Kama ni la ukoo wa wabia watatu na mmoja anastaafu karibuni, usichore alama ya herufi tatu zilizofungamana.
- Kipi kwenye nembo ya zamani tayari kinatambulika? Pengine ni maruni tu. Basi ibaki.

Majibu yaandike ukurasa mmoja na yasainiwe. Unafanya kazi na wasomi wanaokula kwa kusoma mikataba. Bila karatasi hiyo utajadiliana nao hadi mwakani. Kwenye karatasi hiyohiyo weka idadi ya mapendekezo utakayoleta (matatu yanatosha), duru za marekebisho (mbili), na malipo ya awali.

Hatua ya 3: Amua aina ya alama

Ukiomba mchoro wowote wa "sheria" utaletewa mizani, nyundo ya hakimu, nguzo za Kigiriki, au yule mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni. Nyundo iache mara moja. Ni desturi iliyoenezwa na mahakama za Marekani na filamu zake. Majaji wa Uingereza, ambako mfumo wetu ulitoka, hawaitumii. Zaidi ya hapo, nyundo ni kifaa cha anayehukumu, na mteja wako hahukumu.

Mizani si kosa, ila imechoka. Ina hasara mbili za wazi. Ya kwanza, haikutofautishi: ofisi nne kwenye ghorofa moja zinaweza kuwa nayo. Ya pili, ni vigumu kuilinda, kwa kuwa msajili wa alama za biashara hawezi kukupa umiliki wa peke yako juu ya kitu ambacho kila wakili anakitumia. Nguzo na mwanamke wa haki wana shida hizohizo, tena mwanamke wa haki ana mikunjo ya nguo isiyovumilia kupunguzwa.

Baki na njia tatu.

Ya kwanza ni jina tupu, limeandikwa kwa herufi zilizopangwa kwa ustadi, bila mchoro wowote. Kwa ofisi nyingi hili ndilo jibu sahihi, na ndilo gumu zaidi kumuuzia mbia anayetaka kuona "kitu". Jina la wakili ndilo mali yake sokoni; mteja humtafuta kwa jina, si kwa picha.

Ya pili ni herufi za mwanzo zilizounganishwa. Inafaa jina likiwa refu, na inatatua tatizo la wasifu wa mtandaoni ambako nafasi ni duara dogo. Kabla ya kuipenda, isome kwa sauti kwa Kiswahili. Wabia ambao herufi zao zikipangwa zinasomeka FISI hawatakushukuru.

Ya tatu ni alama ya kufikirika inayotokana na kitu cha kweli cha ofisi hiyo: umbo la ukurasa uliokunjwa, mstari wa pembezoni mwa daftari, mti wa baraza ambapo migogoro ilisuluhishwa, mlango. Mlango wa Zanzibar uwe nao makini, kwani mahoteli na maduka ya vinyago yameutumia hadi umekwisha utamu.

Hatua ya 4: Chora kwa kipimo cha muhuri

Chukua karatasi A4 na uigawe visanduku vya sentimita 3 kwa 3. Jaza walau visanduku 40 kwa penseli butu au kalamu ya nukta 0.7, bila kufuta. Ukubwa huo mdogo ni wa makusudi: unakunyima nafasi ya kuchora mapambo. Chagua vitano, vihamishie kwenye kompyuta, na uchore kwa vekta, yaani mistari inayokuzwa na kupunguzwa bila kuharibika: Illustrator, CorelDRAW ambayo mafundi wengi wa uchapaji wanaitumia, au Inkscape ambayo ni ya bure. Photoshop na Canva si mahali pa kuzalia nembo. Ya kwanza kimsingi inafanya kazi kwa pikseli. Ya pili ina vipengele vya maktaba ambavyo mtu mwingine yeyote anaweza kuvitumia, na usajili wa alama yenye kipengele cha namna hiyo huleta matatizo.

Sasa hesabu inayoongoza kila kitu. Muhuri wa duara wa kawaida una kipenyo cha milimita 40 hadi 42. Toa mduara wa nje na ukanda wa maandishi, kama milimita 6 kila upande, na mstari wa tarehe unaokatiza katikati. Alama yako inabakiwa na urefu wa milimita 10 hivi. Mpira unaochongwa kwa leza hauaminiki kwenye mstari mwembamba kuliko milimita 0.3, na wino ukikolea huongeza unene huo na kula nafasi zilizo wazi.

Kwa hiyo chora alama ndani ya mraba wa vipimo 100 kwa 100 na ufuate kanuni hii: hakuna mstari chini ya vipimo 4, hakuna mwanya chini ya vipimo 5. Ikishuka hadi milimita 10, mstari unakuwa milimita 0.4 na mwanya 0.5. Mwanya unapewa zaidi kwa sababu wino humwagikia ndani yake.

Ipime mizani ya kupakua kwa kanuni hiyo uone. Ina boriti, nguzo, na minyororo sita, mitatu kila sahani. Kila mnyororo una unene wa kipimo kimoja hivi, yaani milimita 0.1 kwenye muhuri. Siku ya kwanza minyororo inatoka nusunusu. Baada ya wiki kadhaa, vumbi la karatasi na wino mzito vikijaa, pembetatu kati ya minyororo na sahani inaziba na kuwa bonge la wino. Kinachobaki kwenye karatasi ni kitu kama mtu aliyebeba ndoo mbili za maji. Mteja akisisitiza mizani, mpe boriti nene, mstari mmoja mmoja wa kushuka, na sahani mbili za nusu duara zilizojaa. Basi.

Hatua ya 5: Herufi

Hapa ndipo nembo ya mawakili inaposhinda au kushindwa, kwa hiyo tumia nusu ya muda wako hapa.

Herufi zenye vikono mwishoni, kama za vitabu na magazeti ya serikali, zinabeba uzito wa karatasi na hati. Herufi zisizo na vikono zinafaa ofisi changa inayoshughulika na teknolojia, kodi au mitaji. Usichanganye zaidi ya aina mbili. Kati ya zile zenye leseni huria unazoweza kutumia bila kumlipa mtu, EB Garamond, Libre Baskerville, Libre Caslon na Source Serif zinavumilia karatasi vizuri. Cormorant na Playfair Display zinapendeza kwenye skrini, ila viungo vyake vyembamba ni vyembamba mno: chapisha kwa ukubwa wa pointi 8, piga fotokopi mara mbili, na herufi E itabaki kama I yenye mikwaruzo. Zitumie kwa uzito wa kati au mzito, au usizitumie. Trajan, iliyotokana na maandishi ya Nguzo ya Trajan kule Roma, imeshatumika kwenye mabango ya filamu na ofisi za sheria kiasi kwamba haimtofautishi mtu tena.

Fonti iliyopakuliwa kutoka tovuti ya "bure" isome leseni yake. Nyingi ni bure kwa matumizi binafsi tu. Ofisi ya mawakili ikikamatwa na fonti ya wizi, aibu ni mara mbili.

Nafasi kati ya herufi haijipangi yenyewe. Majina yetu ya ukoo yana jozi zinazosumbua kwa herufi kubwa: WA, YA, TA, KA, VU. Andika MWA kwa herufi kubwa na utaona pengo kati ya W na A, ilhali M na W zimebanana. Sogeza kwa mkono jozi kwa jozi. Mbinu ya haraka: geuza jina juu chini ili jicho liache kusoma na lianze kuona mapengo, kisha ulifinye hadi kwenye upana wa sentimita 3 ukodoe macho nusu. Pengo jeupe linalojitokeza ndilo la kurekebisha kwanza.

Neno la pili, "Mawakili" au "Advocates", liwe dogo kuliko jina lakini lisomeke. Kama herufi kubwa za jina zina urefu wa 100, hili lipe 38 hadi 40 na uachanishe herufi zake kwa 80 hadi 120 kwa elfu ya em (kipimo kinacholingana na ukubwa wa fonti), jinsi programu inavyopima. Kwenye kadi, ambako herufi za jina hufikia milimita 4, neno hilo linapata milimita 1.5 hivi. Chini ya hapo linakuwa mstari wa vumbi.

Alama ya & nayo ipe heshima yake. Kwenye fonti nyingi za vikono, toleo la mlalo (italiki) ni zuri kuliko la wima, na likipunguzwa hadi asilimia 80 ya urefu wa herufi kubwa halishindani na majina ya pande zote mbili.

Hatua ya 6: Rangi, na baadaye kuliko unavyodhani

Usiweke rangi hadi nembo nyeusi tupu imekubaliwa. Wabia wakiona rangi mapema watajadili rangi, na umbo litapita bila kuchunguzwa.

Bluu iliyokolea, maruni, kijani kibichi cha giza, na nyeusi ndizo zinazotawala, na hakuna ubaya. Chagua moja. Mfano wa bluu: #12284B kwa skrini, kwa mashine ya uchapaji anza na C100 M70 Y20 K50 (asilimia za wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi). Tunaacha tofauti ya walau 30 kati ya C na M kwa sababu M ikiikaribia C, bluu hutoka zambarau, na hilo ndilo lalamiko la kawaida baada ya kuchapisha bahasha elfu moja. Mfano wa maruni: C30 M100 Y70 K50. Namba hizi ni pa kuanzia. Karatasi ya majaribio kutoka kwa mchapaji wako ndiyo inayoamua.

Dhahabu inahitaji onyo la peke yake. Kile unachokiona kwenye skrini ni mchezo wa mwanga. Kwa rangi nne za kawaida inatoka kahawia au haradali. Dhahabu ya kweli kwenye karatasi ni wino maalumu au karatasi ya metali inayobandikwa kwa joto, na zote zina gharama ya ziada. Kwenye skrini, dhahabu kama #B8944F juu ya nyeupe ina utofauti wa mwangaza wa 2.8 kwa 1 tu, ilhali kiwango cha chini kinachokubalika kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. Bluu tuliyoitaja inafika 14 kwa 1. Kwa hiyo dhahabu iwe mstari au kipande cha alama, kamwe isiwe jina.

Hatua ya 7: Muhuri wenyewe

Tenganisha mihuri miwili ambayo watu huichanganya. Muhuri wa kamishna wa viapo ni wa wakili binafsi: jina lake, cheo, sanduku la posta, mji, nafasi ya tarehe na saini. Hapo nembo haina kazi, usiilazimishe. Muhuri wa ofisi ndio wa kubeba nembo, na ndio unaogongwa kwenye nakala wakati upande wa pili unapokuja kukabidhi nyaraka. Nakala hiyo iliyogongwa inarudi mahakamani kama uthibitisho kwamba mlipokea. Kwa hiyo tarehe, saa na saini ndizo mfalme, nembo ni mgeni.

Ukanda wa duara la milimita 42, kwa herufi za urefu wa milimita 3, unabeba alama 35 hadi 40 kuzunguka duara lote, nafasi zikiwemo. Maneno yaliyozoeleka, ADVOCATES, NOTARIES PUBLIC & COMMISSIONERS FOR OATHS, peke yake ni 52. Ndiyo maana mihuri mingi ina maandishi yaliyobanwa hadi hayasomeki. Una njia mbili: weka jina la ofisi juu na mji chini, uache vyeo kwenye kichwa cha barua, au achana na duara, chukua muhuri wa mstatili wa milimita 60 kwa 40, alama kushoto juu, jina kulia, na mistari ya tarehe, saa na saini chini.

Kwa mchongaji peleka faili la PDF lenye herufi zilizogeuzwa kuwa michoro, rangi nyeusi asilimia 100, kipimo halisi cha 1 kwa 1. Ukimpelekea picha ya JPG kwa WhatsApp, ataichora upya kwa fonti aliyonayo, na hiyo ndiyo nembo itakayoonekana kwenye majalada ya mahakama.

Hatua ya 8: Itese kabla hujaiwasilisha

Mapendekezo yote matatu yapitie haya:

- Chapisha barua kamili kwa printa ya leza, nembo ikiwa na upana wa milimita 50, kisha piga fotokopi ya fotokopi hadi kizazi cha tatu.
- Skani kwa nyeusi na nyeupe tupu, nukta 200 kwa inchi, jinsi nyaraka zinavyoweza kupakiwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa mahakama. Rangi isiyokolea hugeuka madoadoa au hupotea.
- Piga picha kwa simu ya kawaida, itume WhatsApp, ipokee, ichapishe.
- Ikate duara la pikseli 640 kwa wasifu, halafu ishushe hadi 32 na 16. Chini ya 32 karibu kila alama inahitaji toleo lililorahisishwa. Lichore, usilipunguze tu.
- Agiza muhuri mmoja wa majaribio wa pendekezo linaloongoza na ugonge mara mia kwenye karatasi ya gramu 80. Angalia karatasi ya mia, si ya kwanza.

Kinachoshindwa kirudi mezani kimyakimya, kabla ya wabia kukipenda.

Hatua ya 9: Uwasilishaji

Peleka karatasi, si slaidi. Kila pendekezo liwe barua, kadi (milimita 85 kwa 55) na alama ya muhuri, vyote vya ukubwa halisi. Sema kwa sentensi mbili linajibu nini kwenye maelekezo, kisha nyamaza. Maoni ya "ikuze kidogo" yajibu kwa kuuliza kinachomsumbua. Mara nyingi si ukubwa wa nembo, ni nafasi nyeupe haitoshi kuizunguka. Acha pande zote nafasi sawa na urefu wa herufi kubwa ya jina.

Hatua ya 10: Utafutaji, usajili na haki

Kabla ya idhini ya mwisho, tafuta kwenye kumbukumbu za BRELA majina na alama zinazofanana. Zanzibar ni BPRA, na Kenya alama ziko KIPI, taasisi ya mali ya viwanda. Bara na Zanzibar ni usajili tofauti. Cheti cha upande mmoja hakikulindi upande wa pili. Huduma za kisheria ziko daraja la 45 kwenye uainishaji wa kimataifa wa Nice. Maombi yakikubaliwa hutangazwa ili mwenye pingamizi alilete, na Tanzania Bara usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka kumi kumi. Sajili toleo la rangi nyeusi, ili ulinzi usifungwe na rangi moja.

Haki za mchoro zihamishwe kwa hati yenye saini, ikitaja alama, matoleo yote, na kwamba mbunifu anabaki na ruhusa ya kuionyesha kwenye kazi zake. Risiti ya malipo si hati ya kuhamisha haki. Jambo hili mawakili hulijua kwa wateja wao na kulisahau kwao wenyewe.

Hatua ya 11: Mafaili na siku ya kuhama

Kabidhi folda moja yenye sehemu nne: uchapaji (PDF na EPS, rangi nne, rangi moja, nyeupe kwa mandhari meusi), skrini (SVG, na PNG zisizo na mandhari za upana wa pikseli 400, 1000 na 2000), muhuri (PDF ya 1 kwa 1), na ofisi (kiolezo cha Word chenye kichwa cha barua tayari). Hicho cha mwisho ndicho kitakachofunguliwa kila siku na katibu muhtasi, kwa hiyo kijaribu kwenye kompyuta yake, si yako. Funga nembo ndani ya kichwa cha ukurasa ili isivutwe kwa bahati mbaya, na kama fonti ya nembo haimo kwenye kompyuta hiyo, chagua kwa mwili wa barua fonti iliyopo tayari.

Ongeza ukurasa mmoja wa masharti: nafasi ya kuizunguka, upana wa chini kabisa (milimita 25 yenye jina, 8 kwa alama peke yake), namba za rangi, na picha tatu za makosa yasiyofanywa. Kitabu cha kurasa 40 hakuna atakayekisoma.

Nembo ikibadilika huku jina likibaki, kesi zinazoendelea haziguswi. Jina likibadilika, hata kwa "& Co." moja, hiyo ni safari nyingine ya BRELA, TRA, benki na chama cha mawakili, na nembo isichapishwe hadi ikamilike. Weka tarehe moja ya kuhama, ikiwezekana wakati wa likizo ya mahakama, na siku hiyo badilisheni kwa mpangilio huu: kiolezo cha Word, saini za barua pepe, wasifu wa mitandao, muhuri, kadi, kibao cha mlangoni. Karatasi za zamani zenye kichwa zitumike upande wa nyuma kwa rasimu za ndani. Mihuri ya zamani ikusanywe yote, ikiwemo ule ulioko kwenye begi la karani wa mahakamani. Mpira ukatwe vipandevipande kwa wembe mbele ya mbia mmoja, na iandikwe kwenye daftari la ofisi tarehe, idadi, na aliyeshuhudia.